Kapteni Stairs, Msiri na shaba ya Katanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unamhusu William Grant Stairs, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyeongoza msafara wa mwaka 1891 uliomuua Mwami Msiri na kuitia Katanga, kusini mwa Kongo ya leo, mikononi mwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wengi hudhani hiyo ni habari ya Wakongo peke yao. Lakini msafara uliajiriwa Unguja, ukaanza mwendo Bagamoyo na kupita Tabora, na mfalme aliyeuawa asili yake ni Unyamwezi.

Stairs alikuwa nani?

Alizaliwa Halifax, Nova Scotia, tarehe 1 Julai 1863, katika ukoo wa wafanyabiashara wenye nafasi. Alisoma kwa muda Edinburgh, kisha akaingia chuo cha kijeshi cha Kingston, Ontario, akatoka na elimu ya uhandisi. Miaka michache ya mwanzo alifanya kazi ya upimaji ardhi New Zealand, kazi ya kutembea porini na vyombo vya kupimia, bila bunduki. Mwaka 1885 akapata uofisa katika kikosi cha wahandisi cha jeshi la Uingereza, Royal Engineers, akafundishwa Chatham. Alikufa na cheo cha kapteni, hajatimiza miaka 29.

Mbona wengine humwita Mkanada na wengine Mwingereza?

Wote wako sahihi. Wakati ule Mkanada alikuwa raia wa Malkia Victoria kama alivyokuwa mtu wa London. Kosa ni kumwita Mbelgiji kwa sababu tu alibeba bendera ya Leopold.

Afrika aliijulia wapi?

Kwa Stanley. Mwanzoni mwa 1887 Henry Morton Stanley alikuwa akikusanya watu wa kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama Equatoria baada ya Mahdi kuiteka Sudan. Stairs aliomba, akachukuliwa. Wakafika Unguja Februari, wakaajiri mamia ya wapagazi, wakapanda meli moja na Tippu Tip kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mdomo wa mto Kongo, na kutoka hapo wakaingia msitu wa Ituri.

Huko msituni Stairs alikoswakoswa na kifo. Tarehe 13 Agosti 1887, mahali panapoitwa Avisibba, mshale wenye sumu ulimpiga kifuani. Uti ulikatika, ncha ikabaki ndani. Daktari wa msafara, Thomas Heazle Parke, alifyonza jeraha kwa mdomo wake, na ncha ile haikutolewa mpaka zaidi ya mwaka kupita. Wapagazi wa Unguja waliopigwa kwa mishale hiyohiyo walikufa mmoja baada ya mwingine, wengine kwa pepopunda, huku taya zimefungamana.

Baadaye aliachiwa kulinda ngome ya Fort Bodo, na Juni 1889 alijaribu kupanda Ruwenzori akafika kama mita 3,250 kabla ya kurudi chini. Msafara uliingia Bagamoyo Desemba 1889, na usiku wa karamu Emin Pasha mwenyewe, aliyetembezwa nusu ya bara ili aokolewe, alianguka kutoka dirishani ghorofani akaumia vibaya.

Anayetaka kumfahamu Stairs asiishie kwenye mshale. Katika shajara yake ya Septemba 1887 anaeleza jinsi alivyolala vichakani na watu wake wakikitazama kijiji: wanawake wanatwanga ndizi, wengine wanagonga magome ya miti kutengeneza nguo, watoto wanacheza, siku ya kawaida kabisa. Kisha wakafyatua risasi, na yeye akaandika kwamba kukafuata zile kelele za kawaida za wanawake. Neno hilo, "za kawaida", aliliandika mwenyewe, wala si maadui zake waliomsingizia.

Je, alikuwa mtu wa madini?

Hapana, na jambo hili hupotoshwa sana. Hakuwahi kuendesha mgodi, hakuchimba, na hakuwa mwanajiolojia. Kilichomuunganisha na madini ni mwajiri. Aprili 1891 iliundwa Compagnie du Katanga mjini Brussels, chini ya Albert Thys, mwanajeshi wa Kibelgiji aliyegeuka mfanyabiashara. Kampuni hiyo ndiyo iliyogharimia msafara, na Leopold akaupa bendera ya Dola Huru ya Kongo, koloni lake binafsi. Kwa hiyo Stairs alikwenda Katanga akiwa ameajiriwa na watu waliotaka shaba, na dhahabu waliyotumaini kuikuta humo, ila wasiokuwa na haki yoyote juu yake. Haki hiyo ndiyo aliyotumwa kuileta.

Kwa nini Mwingereza aliwafanyia kazi Wabelgiji, ilhali Waingereza nao waliitaka Katanga?

Kwa sababu walimwajiri, na kwa sababu alikuwa na hamu ya kuongoza msafara wake mwenyewe. Mwaka huohuo alikuwa amepanda cheo na kuhamia Welch Regiment, akapewa likizo. Maisha ya kambini Uingereza yalimchosha.

Ushindani ulikuwepo kweli. Cecil Rhodes na kampuni yake ya British South Africa Company walishatangulia. Novemba 1890 Alfred Sharpe alifika kwa Msiri kutoka upande wa Nyasa akiwa na mkataba, Msiri akaukataa. Joseph Thomson, aliyetumwa na Rhodes mwaka huohuo, alirudishwa njiani na ndui. Leopold naye alikuwa amekwisha kuichora Katanga ndani ya mipaka yake tangu 1885, lakini mchoro wa ramani bila mtu wala bendera mahali penyewe ulikuwa dhaifu. Ndiyo maana mwaka 1891 misafara ya Wabelgiji ilifuatana kama treni: Paul Le Marinel aliyeacha kituo kidogo Lofoi, Alexandre Delcommune, kisha Stairs, na nyuma yake Kapteni Lucien Bia.

Stairs alipokuwa njiani ilimwangukia mikononi barua iliyoandikwa kwa niaba ya Msiri kwenda kwa Sharpe. Mzee alikuwa amebadili mawazo, sasa anawataka Waingereza waje. Stairs, Mwingereza, aliizuia. Wako wanaomsifu kwa uaminifu kwa aliyemwajiri. Mimi naona alijua vizuri kwamba barua ile ikifika, safari yake yote ni bure.

Msiri alikuwa nani, na shaba yake ilichimbwaje?

Jina lake kamili hutajwa Mwenda Msiri Ngelengwa Shitambi. Alizaliwa karibu mwaka 1830 upande wa Tabora. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa msafara aliyekwenda Katanga kununua shaba, na kijana akaifuata njia ya baba yake. Tofauti ni kwamba hakurudi. Kwa bunduki, ndoa na hila alijijengea ufalme kati ya mito Lualaba na Luapula, Wanyamwezi waliomfuata wakaitwa Wayeke, na mji mkuu ukawa Bunkeya. Aliuza pembe za ndovu, shaba, chumvi na watu, upande mmoja hadi pwani ya Unguja na upande wa pili hadi Benguela, Angola, alikopata baruti. Kusema alikuwa mfalme mwema ni kujidanganya. Wamisionari waliofika kwake kuanzia 1886, wa kwanza akiwa Frederick Arnot, walikuta mafuvu ya watu yamechomekwa kwenye miti ya boma.

Shaba yenyewe ilikuwa kazi ya kale sana kuliko Wayeke. Wasanga, wenyeji wa Katanga, na wenzao walichimba kiangazi, mavuno yakiisha, wakifuata jiwe la kijani ambalo wataalamu huliita malakiti. Walichimba mashimo na vichuguo kwa majembe na mitarimbo ya chuma, wakachagua mawe kwa mkono na kuyaosha mtoni. Tanuri ilijengwa kwa udongo wa kichuguu, ikajazwa makaa ya miti migumu, moto ukapulizwa kwa mivukuto ya ngozi. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa katika kalibu za msalaba, na misalaba hiyo ikatumika kama fedha katika eneo kubwa la Afrika ya kati, kulipia mahari na bidhaa. Mafundi wakuu walikuwa chama cha siri, na ufundi wao ulirithishwa kwa miiko na kafara.

Wayeke hawakugundua kazi hii, ila waliiongezea jambo: walijua kuivuta shaba kuwa waya, wakatengeneza bangili nyembamba zilizouzika mbali. Walisubu pia risasi za shaba kwa ajili ya magobori yao. Msiri alitoza kodi kwa kila kilichotoka. Mwaka 1891 Wasanga walikuwa wamemwasi, wamechoka, na Stairs alifika wakati huo hasa.

Ni nani waliokuwa kwenye msafara wake?

Wazungu walikuwa wachache: Kapteni Omer Bodson, Mbelgiji, Marquis Christian de Bonchamps, Mfaransa mpenda uwindaji ambaye baadaye alitumwa kutoka Ethiopia kuelekea Fashoda, Dokta Joseph Moloney, Mwairishi, na Thomas Robinson, fundi seremala. Wengine wote, zaidi ya watu 300, walikuwa Waafrika, hasa Waungwana wa Unguja na Wanyamwezi, wapagazi na askari chini ya wanyapara wao. Jina la mnyapara mmoja limehifadhiwa vizuri katika kumbukumbu za msafara: Hamadi bin Malum.

Watu hawa ndio waliobeba kila kitu: vitambaa vya kulipia hongo (ushuru wa njia) na chakula, shanga, risasi, mahema, dawa, hata divai. Waliondoka Bagamoyo mapema Julai 1891, wakapita Tabora ambayo tayari ilikuwa chini ya Wajerumani, wakavuka Ziwa Tanganyika kutoka Karema, wakapokewa ng'ambo na Kapteni Joubert, mwanajeshi wa zamani wa Papa aliyekuwa akilinda misheni ya Mpala. Fikiria Mnyamwezi aliyejiandikisha Bagamoyo kwa mshahara wa upagazi, anatembea miezi mitano, kisha anaambiwa anayekwenda kukamatwa ni mtu wa kwao. Waliongea lugha moja na walinzi wa Msiri.

Tarehe 20 Desemba 1891 ilitokea nini?

Msafara uliingia Bunkeya tarehe 14 Desemba. Msiri aliwaacha wageni wasubiri siku tatu, kama ilivyokuwa desturi ya mfalme, kisha akawapokea. Stairs alimtaka akubali bendera ya Leopold. Msiri hakukataa moja kwa moja wala hakukubali: alisogeza mbele, akaomba zawadi, akaomba baruti, akasema yuko tayari kufanya undugu wa damu. Ilikuwa mbinu iliyomwondoa Sharpe na kumchosha Le Marinel.

Stairs hakuwa na muda wa kuchoshwa. Mvua zilikuwa zimeanza, chakula kidogo, na alihofia Waingereza wako nyuma. Tarehe 19 alipandisha bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu juu ya kilima bila idhini ya mtu. Usiku ule Msiri aliondoka akaenda Munema, kijiji chenye boma nje kidogo ya mji.

Asubuhi Bodson na de Bonchamps wakatumwa na askari wapatao 100 wamlete. De Bonchamps alibaki nje, Bodson akaingia na wachache, Hamadi akiwemo. Msiri alikuwa ameketi mbele ya nyumba, kuzungukwa na watu wenye bunduki. Maneno hayakudumu. Mzee aliinuka na kushika upanga, Bodson akatoa bastola akampiga risasi akafa papo hapo. Mara kijana mmoja wa Msiri, Masuka, akampiga Bodson tumboni. Hamadi aliumia mguu. Bodson alikufa kabla siku haijapita sana, na Masuka aliuawa palepale.

Kwa hiyo Stairs hakufyatua risasi iliyomuua Msiri, wala hakuwepo ndani ya boma. Alitoa amri ya kumkamata mfalme ndani ya mji wake mwenyewe, katikati ya walinzi wake, kwa watu wenye bunduki za kisasa. Mwenye kutoa amri ya namna hiyo anajua inaweza kuishia wapi.

Ni kweli kichwa cha Msiri kilikatwa?

Ndiyo. Msafara ulikikata na kukichomeka juu ya mti, na de Bonchamps alikiri jambo hilo hadharani baadaye. Mwili ulirudishwa kwa Wayeke wakauzika. Kuhusu kichwa, masimulizi ya Katanga yanasema kilichukuliwa katika debe la mafuta ya taa na kwamba kila aliyekibeba kilimuua. Alama yake haijapatikana mpaka leo, hata katika makumbusho ya Ubelgiji ambako Wakongo wameuliza mara nyingi.

Msafara ulifanya nini baada ya kushinda?

Ulikaribia kufa njaa. Watu wa Bunkeya walikimbilia porini, mashamba yakaachwa, na ngome ya Stairs ikawa katikati ya mji usio na soko. Wapagazi walikula nzige, mchwa, mizizi. Homa na kuhara vikawaangusha, na Stairs mwenyewe alilala kitandani wiki nyingi akiweweseka, uongozi ukabaki kwa Moloney. Hata hivyo mambo ya karatasi yalikwisha kufanyika: Mukanda-Bantu, aliyehesabiwa mwana wa Msiri, alikubaliwa kuwa mwami kwa sharti la bendera, na machifu wadogo, Wasanga wakiwemo, wakatia saini au alama zao.

Mwishoni mwa Januari 1892 ukafika msafara wa Bia na naibu wake Francqui, na mapema Februari Stairs akaondoka, kabebwa.

Alikufaje?

Kwa malaria, iliyogeuka ile homa ya mkojo mweusi, tarehe 9 Juni 1892 huko Chinde, kwenye mdomo wa Zambezi, Msumbiji ya leo. Walikuwa wamepita upande wa Ziwa Nyasa na mto Shire ili wapate meli. Alizikwa hapohapo. Wapagazi waliobaki walipelekwa Unguja kwa bahari, nao walikuwa hawafiki 200. Majina ya waliokufa njiani hayakuchongwa kwenye jiwe lolote.

Compagnie du Katanga ilipata nini kutokana na safari hii?

Ilipata mengi. Kwa makubaliano na Leopold, kampuni ilimilikishwa theluthi moja ya ardhi ya Katanga iliyohesabiwa kuwa "haina mwenyewe", pamoja na madini yake. Ardhi isiyo na mwenyewe, ikijumuisha mashimo ambayo watu walikuwa wakichimba shaba vizazi kwa vizazi! Kwa kuwa viwanja vya kampuni na vya dola vilipangwa kama ubao wa dama, usimamizi ukawa kero, na mwaka 1900 wakaunganisha mali yote chini ya Comité Spécial du Katanga, dola ikichukua theluthi mbili na kampuni theluthi moja.

Thamani yenyewe ilionyeshwa na mtu mwingine. Katika msafara wa Bia alikuwemo Jules Cornet, mwanajiolojia kijana, aliyeyazunguka machimbo ya wenyeji mwaka 1892 na kuandika alichokiona kwa tahadhari kubwa. Leopold hakuwa na reli ya kufika huko na hakutaka Waingereza wajue. Sentensi ya kwamba Katanga ni kashfa ya kijiolojia, yaani ina madini mengi kupita kiasi, huhusishwa na Cornet.

Tarehe 28 Oktoba 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na shaba ya kwanza ya kiwandani ikamiminwa 1911. Mwaka 1960 kampuni hiyo ilitoa takribani tani 300,000 za shaba, na uranium ya mgodi wake wa Shinkolobwe ilikuwa imekwisha kutumika katika bomu la Hiroshima. Mobutu aliitaifisha mwanzoni mwa 1967, ndipo ikatokea Gécamines.

Aliyefaidika kuliko wote kati ya wanajeshi wale vijana ni Émile Francqui, naibu wa Bia. Luteni huyu aliyefika Bunkeya akiwakuta wenzake wanakula nzige alikuja kuwa mkuu wa Société Générale, benki iliyoidhibiti Union Minière.

Waingereza walikosa kabisa shaba ya Katanga?

Hawakukosa. Robert Williams, mhandisi wa madini wa Kiskoti na rafiki wa Rhodes, aliunda Tanganyika Concessions mwaka 1899, akapewa na Wabelgiji kazi ya kutafuta madini, na baadaye akawa mwanahisa wa Union Minière. Mtu wake porini alikuwa George Grey, ndugu wa Edward Grey aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza. Huyu naye alianzia jeshini: mwaka 1896 aliongoza kikosi cha wapanda farasi kilichoitwa Grey's Scouts katika vita vya Matabele. Mwaka 1899 alifika Kansanshi, Zambia ya leo, kisha akavuka kwenda Katanga. Mbinu yake ya kugundua migodi ilikuwa nyepesi: alitafuta wenyeji wanaojua yalipo mashimo ya kale. Baadaye serikali ya Uingereza ilimtuma Swaziland kugawa ardhi, na Waswazi wakaachiwa theluthi moja tu. Alikufa Nairobi Februari 1911, baada ya kuraruliwa na simba uwanda wa Kapiti.

Bunkeya iko wapi leo?

Iko jimbo la Lualaba, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika wilaya ya Lubudi, na njia ya kwenda huko hupitia Likasi. Bado ni makao ya mwami wa Wayeke. Ukoo wa Msiri haukupotea kwenye siasa pia: Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga na Kongo chini ya Tshombe miaka ya 1960, alikuwa mjukuu wake. Kila Desemba 20 Wayeke hukusanyika Bunkeya kumkumbuka Msiri, na wanaotaka kuhudhuria wajiandae kwa barabara ya mvua.